Duara la Marian Chace

Mwaka 1942 Hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington ilimpokea mwalimu wa dansi asiye na cheti chochote cha udaktari. Hospitali hiyo ya serikali, iliyofunguliwa mwaka 1855, ilikuwa na maelfu ya wagonjwa wa akili, na Vita vya Pili vya Dunia vilizidi kuwaleta wengine. Dawa za skizofrenia hazikuwepo bado. Klorpromazini, ya kwanza iliyofaa, iliingia katika hospitali za Marekani mwaka 1954. Kabla ya hapo madaktari wa nchi hiyo walitegemea mishtuko ya umeme, mabafu ya maji, na upasuaji wa ubongo ambao Walter Freeman na James Watts waliuanzisha Marekani mwaka 1936, katika mji huohuo wa Washington. Wapo wagonjwa waliokaa wodini miaka mingi bila kusema na mtu.

Kwa watu wa namna hiyo, tiba ya mazungumzo ilikwama kabla ya kuanza. Mwalimu huyo, Marian Chace, alianzia kwingine: hata asiyesema anapumua, anayumba, anakunja ngumi, anainamisha kichwa. Kwake hayo yalikuwa maneno tayari, na yalihitaji mtu wa kuyajibu kwa lugha hiyohiyo.

Chace alizaliwa mwaka 1896 Providence, katika jimbo la Rhode Island. Katika ujana wake aliumia mgongo alipokuwa akipiga mbizi, na daktari akamshauri acheze dansi ili uti wa mgongo upate nguvu. Ushauri huo ukazaa kazi. Alisoma Denishawn, shule ya Ruth St. Denis na Ted Shawn ambayo pia ilimlea mcheza dansi Martha Graham, kisha mwaka 1930 akahamia Washington na kufundisha.

Darasani aligundua jambo lililombadilisha. Wengi wa wanafunzi wake hawakuwa na nia wala uwezo wa kupanda jukwaani, na bado walirudi kila wiki. Akaanza kuwatazama kwa jicho jingine. Huyu mabega yamepanda hadi masikioni, yule hathubutu kuvuka katikati ya chumba, mwingine hucheza kana kwamba miguu si yake. Badala ya kuwalazimisha wote wafuate hatua zilezile, alilirekebisha somo kulingana na mwili uliokuwa mbele yake. Habari zikaenea, na madaktari wa mjini wakaanza kumpelekea watu, wakiwemo watoto. Mwaliko wa St. Elizabeths ulitokana na sifa hiyo.

Kipindi chake wodini kilianza kwa santuri kwenye gramafoni, mara nyingi waltzi, kwa kuwa mdundo wake ni mwepesi na haumtishi mtu. Chace alipita kwa mgonjwa mmoja mmoja. Kwa anayeyumba mbele na nyuma kwenye kiti, aliyumba naye kwa kasi ileile, kwa uzito uleule. Wanafunzi wake baadaye waliita mbinu hii kuakisi, na hapo ndipo wengi hukosea kuielewa. Anayeiga umbo la nje tu anaweza kuonekana anadhihaki. Chace alichukua nguvu iliyokuwa ndani ya tendo, yaani ukakamavu wake, woga wake au hasira yake, akairudisha kwa mwili wake mwenyewe ili mgonjwa aone kwamba amesikika. Mgonjwa akiitikia, Chace aliongeza kidogo: mkono unafunguka zaidi, jicho linainuka, mguu unapiga hatua.

Kutoka kwa wawili wawili, kundi lilijenga duara. Katika duara kila mtu anaonekana na hakuna aliye nyuma. Mdundo wa pamoja uliwawezesha watu wasiovumilia kuguswa wala kusemeshwa kuwa karibu na wenzao. Kisha Chace aliokota kinachojitokeza. Mmoja akikanyaga sakafu kwa nguvu, wote walikanyaga. Hasira ikapata umbo, pengine na sauti au neno, bila mtu kuumizwa. Mwishoni aliwarejesha kwenye mwendo wa utulivu, wakiwa bado ndani ya duara, ndipo wakaachana.

Msomaji wa pwani atakumbuka ngoma za pepo, nazo zina mdundo, kundi na mgonjwa katikati. Tofauti ni kubwa hata hivyo. Katika ngoma ya pepo mganga hutafuta kujua pepo ni nani na anadai nini. Chace hakutafuta kisababishi cha nje, wala hakumweka mgonjwa mmoja katikati. Alichofuata ni uhusiano wa mtu na mtu, fikra aliyokutana nayo kwa Harry Stack Sullivan, daktari wa akili aliyefundisha kwamba maradhi haya hukua na hupungua ndani ya mahusiano. Chace aliitumia fikra hiyo pia katika Chestnut Lodge, hospitali ya binafsi huko Rockville, Maryland, alikokuwa daktari wa akili Frieda Fromm-Reichmann.

Tatizo lilikuwa namna ya kurithisha ujuzi huo. Waliotaka kujifunza walimfuata wodini, wakatazama, wakaingia duarani. Katika miaka ya 1960 alifundisha pia New York, kwenye shule ya muziki ya Turtle Bay. Mwaka 1966 Chama cha Tiba ya Dansi cha Marekani kiliundwa na wanachama waanzilishi 73, naye akawa rais wake wa kwanza. Alifariki mwaka 1970. Mwaka uliofuata wanafunzi wake Claire Schmais na Elissa White walianzisha shahada ya uzamili katika Chuo cha Hunter, na mwaka 1979 Schmais na Sharon Chaiklin walieleza mbinu yake kwa mihimili minne: tendo la mwili, ishara, uhusiano wa kitiba kupitia miondoko, na mdundo wa kundi.

Je, tiba hii ya dansi inafanya kazi? Uchambuzi wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, wa mwaka 2015 kuhusu sonona ulipata majaribio matatu tu yenye watu 147, idadi isiyotosha kutoa hukumu. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2014, ulioongozwa na Sabine Koch, ulikusanya tafiti 23 zenye watu 1,078 na kuona nafuu katika hali ya maisha, wasiwasi na sonona. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2009 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, uliwashauri madaktari wafikirie tiba za sanaa, dansi ikiwemo, kwa wenye skizofrenia, hasa waliojitenga na kupoteza hamu. Kwa hiyo anayevutiwa nayo amuulize mtoa huduma amesomea wapi na anashirikiana na daktari gani, na asiache dawa alizoandikiwa.