Ulinganifu wa Mzunguko Ndani ya Jiwe la Kasulo

Mwaka 2014, mkazi mmoja wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, nchini Kongo (DRC), alikuwa akichimba choo alipokutana na mawe meusi. Yalikuwa heterojeniti, madini yenye kobalti nyingi. Haukupita muda, mashimo yakaenea mtaa mzima, mengine hata ndani ya nyumba. Kwa macho, jiwe hilo ni donge tu. Umbo lake limo ndani, kwenye mpangilio wa atomi, na jiometria ya darasani inatosha kulieleza.

Kata mraba wa karatasi, ubane kitovu chake kwa pini, kisha uuzungushe. Kila baada ya nyuzi 90 unaonekana kama haukuguswa. Katika mzunguko mzima wa nyuzi 360 umejirudia mara 4, na hilo ndilo daraja lake la ulinganifu. Umbo lenye pande sawa na pembe sawa hujirudia mara sawa na idadi ya pande zake: pembetatu 3, pembetano 5, pembesita 6. Mstatili hujirudia mara 2 tu. Ukipaka wino kona moja ya ule mraba, utasubiri mzunguko mzima, kwa kuwa sasa na wino lazima urudi mahali pake.

Fuwele, yaani kitu kigumu chenye atomi zilizopangwa kwa utaratibu kama jiwe hili, haikubali kila daraja, kwa sababu mpangilio wake hujirudia bila kuacha pengo. Pembetatu 6 zenye pembe za nyuzi 60 hukutana zikajaza nyuzi 360 kamili. Pembetano 3, zenye pembe za nyuzi 108, hufika 324 na kuacha wazi nyuzi 36. Ya nne haiingii. Ndiyo maana katika fuwele za kawaida kuna madaraja ya 2, 3, 4 na 6, lakini la 5 halimo.

Heterojeniti imejengwa kwa matabaka. Ndani ya tabaka, kila kobalti imezungukwa na kobalti 6 kwenye kona za pembesita. Ukizitazama hizo peke yake, daraja ni 6. Lakini kila kobalti imeshikana pia na oksijeni 6: 3 juu, 3 chini, zikipishana. Zungusha nyuzi 60: kobalti zinatulia mahali pake, ila oksijeni za juu zinaangukia nafasi za zile za chini. Mpaka nyuzi 120 ndipo vyote vinarudi. Daraja limeshuka hadi 3. Oksijeni zimefanya kazi ya ule wino.

Mwaka 1980, mwanasayansi John Goodenough na wenzake mjini Oxford walionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka kati ya matabaka ya namna hiyo ya kobalti na oksijeni. Kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri zinazotumia matabaka hayo mwaka 1991, na mwaka 2019 Goodenough akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wengine wawili. Ulinganifu wa daraja la 3 huifanya lithiamu ipite kwa wepesi uleule kuelekea kila upande kati ya matabaka. Watoto wa Kasulo huona jiwe hili likibebwa kwa magunia. Wana haki ya kufundishwa pia hesabu iliyomo ndani yake.