"Andika Mwenyewe, Mie Nitasaini"

Wangapi mmeshajibiwa hivyo? Mimi nilijibiwa na bosi wangu hapa Singida mjini, siku nilipomwomba barua ya mapendekezo kwa ajili ya masomo ya uzamili. Nikarudi nyumbani kichwa kinauma. Kujisifu mwenyewe, tena kwa mdomo wa mtu mwingine!

Mume wangu akasema, "Mama Neema, lete nikuandikie." Basi, si akamwaga: mchapakazi, mvumilivu, mwenye tabasamu lisiloisha. Nilicheka, ila ukweli barua ile ilimfaa mtu anayetafuta mchumba.

Nikamrudia bosi, safari hii na karatasi moja: ninachoomba, siku ya mwisho ya maombi, na kazi mbili nilizofanya chini yake. Mojawapo ni hesabu za wakulima wa alizeti wa Ikungi, nilizokesha nazo wiki tatu mpaka zikalingana. "Kumbe ni wewe uliyezinyoosha?" akauliza. Jamani, miaka minne ofisi moja! Akavuta kiti, akaandika mwenyewe, nusu ukurasa tu.

Na wewe unayeomba kazi serikalini, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hudai majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Usimwandike mtu kimyakimya. Mpigie kwanza, mkumbushe mlifanya nini pamoja. Akisitasita, mshukuru, tafuta mwingine. Sifa za shingo upande hujulikana tu.

Nafasi niliipata. Ile barua ya mume wangu nayo sikuitupa, iko kabatini chini ya kanga.