Mwenye Kisukari, Usingoje Maumivu

Tuseme yuko mama mmoja katika kijiji cha Kasulu. Ana kisukari, yapata miaka sita sasa. Huenda zahanati, hupimwa damu, na vidonge humeza bila kukosa. Hedhi yake ilikoma zamani. Siku moja aona damu kidogo katika nguo. Jirani amwambia, “Ni hedhi imerudi tu.” Mwingine amnong’oneza kwamba amerogwa. Yeye mwenyewe adhani sukari imepanda. Basi anyamaza. Haumwi mahali, maharage yamngoja shambani, na nauli si ndogo.

Je, wewe ungemshauri nini? Soma kwanza haya, kisha utajibu.

Zamani watu walisema kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Mwaka 1989 wataalamu walitangaza habari za uchunguzi waliofanya katika vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika mtu mmoja katika kila 100. Lakini uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa, kati ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu 9 katika kila 100 walikuwa nacho. Hesabu hizi mbili hazikufanywa kwa namna moja, hata hivyo zatuonya. Vilima vya Kibondo na Kasulu havizuii ugonjwa huu. Aliyekuwa akipanda mlima na mzigo kichwani, leo apanda pikipiki. Na soda zafika hata duka la kijijini.

Sasa lipo jambo ambalo wengi hawajalisikia. Mwaka 2010 wataalamu wa kisukari na wa kansa wa Marekani walitoa taarifa ya pamoja. Walisema kwamba wenye kisukari cha ukubwani hupata kansa za namna fulani zaidi kuliko watu wengine. Kansa ya ini, ya kongosho, na ya mji wa mimba huwapata kiasi cha mara mbili. Ya utumbo mpana, ya matiti na ya kibofu nazo huzidi, ila kwa kiasi kidogo.

Usiogope kupita kiasi. Nitakupa mfano wa hesabu tu: kama katika watu 1,000 wawili wangepata kansa fulani, basi mara mbili ni watu wanne. Waliobaki 996 hawaipati. Kisukari si kansa, wala hakigeuki kuwa kansa.

Mbona basi magonjwa haya hufuatana? Kongosho hutoa insulini, nayo hufungua milango ya chembe za mwili ili sukari iingie. Katika kisukari cha ukubwani, hasa kwa mtu mnene, milango hiyo huwa migumu. Kongosho hujitahidi kutoa insulini nyingi zaidi. Lakini insulini huziamuru pia chembe zikue. Wewe mkulima wajua: ukimwaga samadi shambani, hustawi maharage, na magugu nayo hustawi. Tena mafuta mengi ya mwili huongeza homoni za kike, ambazo huukuza utando wa mji wa mimba. Na yako mambo yanayoleta magonjwa yote mawili: unene, kukaa bila kazi ya mwili, tumbaku, na uzee wenyewe.

Hapa sikiliza vizuri. Mtu asije akasema, “Kumbe insulini yakuza kansa, basi naacha sindano.” La, hasha! Mwenye kuhitaji insulini akiiacha aweza kufa katika siku chache. Kabla dawa hiyo haijaanza kutumiwa mwaka 1922 huko Toronto, Kanada, watoto wenye kisukari walikuwa wakifa wote. Fuata dawa ya daktari wako.

Yafaa ufanye nini, basi?

Kwanza, jua dalili. Damu baada ya hedhi kukoma. Uvimbe katika titi. Damu katika choo au mkojo. Macho kuwa ya manjano. Kukonda bila sababu. Tena, mzee asiye mnene akipata kisukari ghafula, huku akikonda na kuumwa tumbo au mgongo, amweleze daktari yote. Mara nyingine kansa ya kongosho ndiyo inayotangulia, na kisukari hufuata.

Pili, linda ini. Karanga na mahindi yenye ukungu usile, wala usimpe mtoto. Sumu yake haiishi kwa kupikwa. Watoto wapate chanjo zao zote, maana tangu mwaka 2002 imo na ile ya homa ya ini ya aina B. Pombe, hata ile ya ndizi ya nyumbani, huumiza ini.

Tatu, angalia sahani. Ugali wa muhogo si sumu, lakini usiwe mlima. Maharage na mboga viongezeke. Jembe na kutembea kwa miguu ni dawa pia.

Nne, ukienda kliniki ya kisukari, uliza habari za kupimwa kansa. Mwanzo wa njia ni zahanati yako, kisha hospitali ya Kabanga au ya wilaya, Kasulu na Kibondo. Ikilazimu, utapelekwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam.

Turudi kwa yule mama. Damu ile mara nyingi si kansa, ila haijulikani mpaka apimwe. Aende juma hili, wala asingoje mavuno. Amwambie mganga wazi: “Nina kisukari, hedhi yangu ilikoma, nami nimeona damu.” Kansa ya mji wa mimba ikikutwa mapema, mara nyingi huponywa kwa kupasuliwa. Ikifichwa mpaka ilete maumivu makali, huenda imekwisha kuenea.

Nawe baba wa nyumba, mkeo akikueleza jambo kama hili, usicheke wala usimlaumu. Uza kuku, tafuta nauli, umsindikize.