Kilomita 230 za Ushahidi

Dakika 566. Huo ndio urefu wa Shoah, filamu ya Mfaransa Claude Lanzmann iliyotoka mwaka 1985, kuhusu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Ukumbi unaoionyesha mfululizo unapoteza nafasi ya filamu nne za kawaida, na kila kiti kinauzwa mara moja badala ya mara nne. Filamu yenyewe ina sehemu mbili, ya dakika 274 na ya dakika 292, na mara nyingi huonyeshwa kwa siku mbili.

Haikuagizwa hivyo. Maofisa wa Israel walitaka kazi ya saa mbili, ikabidhiwe baada ya miezi 18. Ilichukua miaka 11. Walioiagiza walijitoa njiani, fedha zikakatika tena na tena, naye Lanzmann akaendelea kurekodi katika nchi 14 mpaka akafikisha saa 350. Tupige hesabu. Mkanda wa milimita 16 hupita kwenye kamera futi 36 kila dakika. Saa 350 ni dakika 21,000, sawa na futi 756,000, yaani takriban kilomita 230 za mkanda. Rola ya futi 400 huisha kwa dakika 11, kwa hiyo zilihitajika karibu rola 1,900, na kila moja ililazimika kununuliwa na kusafishwa maabara kabla mtu hajajua kama ina kitu cha maana. Uhariri peke yake ulikula miaka mitano. Kilichofika kwa mtazamaji hakizidi asilimia 3.

Sehemu ya urefu huo ni wakalimani. Lanzmann hakujua Kipolandi, Kiebrania wala Kiyidi. Angeweza kuifuta sauti ya mkalimani na kuweka maandishi chini ya picha, lakini aliiacha. Swali linatoka kwa Kifaransa, linageuzwa Kipolandi, mkulima anajibu, jibu linarudi kwa Kifaransa. Mazungumzo hayo yanakaribia kuchukua muda maradufu. Mhariri mwenye haraka angeanza kukata hapo hapo. Kwangu mimi hapo ndipo filamu ilipopata nguvu yake: mkalimani akizungumza, unabaki na uso wa shahidi aliyekwisha kusema, ukiona maneno yake yamemfanya nini.

Sababu nyingine ni kwamba hakutumia hata picha moja ya zamani. Mwaka 1956 mwongozaji Alain Resnais alitengeneza Nuit et brouillard, yenye picha za kambi zilizotoka kwenye hifadhi, ikaisha kwa dakika 32. Lanzmann alizikataa picha hizo, kwa hiyo kila kitu kilibidi kitoke kinywani mwa watu na kwenye ardhi ya mahali penyewe. Na watu hawasemi kwa ratiba. Abraham Bomba alikuwa kinyozi aliyelazimishwa kuwakata nywele wanawake katika kambi ya Treblinka, Poland, muda mfupi kabla hawajauawa kwa gesi. Alihojiwa nchini Israel, ndani ya duka la kinyozi lililokodishwa, mkasi mkononi. Anapofika kwenye kisa cha mwenzake aliyewaona mke wake na dada yake wakiingia, sauti inakatika. Anaomba waache. Lanzmann anamsihi aendelee. Kamera haizimwi, na mkanda unazidi kupita, futi 36 kila dakika, mpaka Bomba anapoweza kusema tena.

Lakini hesabu nzito kuliko zote imo ndani ya filamu yenyewe. Mwanahistoria Raul Hilberg anaeleza jinsi shirika la reli la Ujerumani lilivyodai malipo kwa kuwapeleka watu kuuawa. Ilikuwa nauli ya daraja la tatu, kwa kilomita. Watoto wa chini ya miaka 10 walitozwa nusu, wa chini ya miaka 4 walikwenda bure. Wakifika watu 400, kulikuwa na punguzo la kikundi. Walinzi walilipiwa kwenda na kurudi. Waliosafirishwa, kwenda tu. Hapa taarifa hiyo imechukua mistari michache. Kwenye filamu unaisikia ukiwa umeshatazama treni kwa saa kadhaa, na kila tarakimu inapata abiria wake.

Na akili ya mtazamaji, baada ya muda wote huo, haikai Poland peke yake. Inakwenda kwa wafu wake. Kwetu matanga hukaa siku tatu kwa sababu habari za marehemu hazitoki siku ya kwanza, na filamu hii inampa mtu nafasi ya namna hiyo. Aliyekulia Kigali au Bujumbura hahitaji kuelezwa. Nchini Rwanda mahakama za kijamii za gacaca, karibu 12,000, zilisikiliza kesi za mauaji ya kimbari zinazokaribia milioni 2 kabla ya kufungwa mwaka 2012, na majirani walikaa kwenye nyasi wakisikilizana siku nenda siku rudi.

Tofauti na siku za Lanzmann, bei ya kurekodi imeshaporomoka. Mwaka 1999 mtengenezaji filamu Mchina Wang Bing aliingia na kamera ndogo ya dijitali katika viwanda vya Tiexi, mjini Shenyang, China, vilivyokuwa vinakufa. Alirekodi saa 300 na kutoa filamu ya dakika 551. Kwa milimita 16 zingekuwa karibu kilomita 198 za mkanda. Bei ambayo haijashuka ni ya umri wa mashahidi. Kwa Dead Souls ya mwaka 2018, dakika 495, Wang Bing aliwahoji wazee walionusurika njaa ya kambi za kazi ya shuruti za Jiabiangou na Mingshui katika jimbo la Gansu, na alikuwa ameanza kuwatafuta mwaka 2005. Angesubiri, wengi asingewakuta.

Mikanda mingi ambayo Lanzmann hakuitumia ilinunuliwa mwaka 1996 na makumbusho ya Holocaust ya Washington. Ni takriban saa 185 za mahojiano na saa 35 za picha za maeneo, na sehemu kubwa inaonekana bure mtandaoni. Ukitazama saa 8 kila siku, zitakuchukua siku 27 na nusu.