Mfanyakazi Anaporudi Darasani, Mji Wake Hufaidika Nini?

Na Mwandishi Wetu

KILA msimu wa korosho unapomalizika, sura ya Tandahimba hubadilika. Mkulima aliyepata bei nzuri mnadani hununua saruji na mabati. Nyumba ya udongo huvunjwa, na mahali pake husimama nyumba ya matofali. Ni jambo la kujivunia, kwani ni jasho lake mwenyewe. Lakini, ndugu msomaji, liko swali moja ambalo halina budi kuulizwa: je, nyumba hiyo imejengwa kando ya njia, au imejengwa juu ya njia ambayo wajukuu wake wangeipita?

Kulijibu swali hilo ni kazi ya ofisa mipango miji. Na ndilo linalotufanya leo tuzungumzie jambo ambalo baba na mama katika familia nyingi za wafanyakazi hulijadili usiku, watoto wakiwa wamekwisha lala: mmoja wao, mwenye kazi na mshahara, anataka kurudi darasani kutafuta shahada ya uzamili.

DARASA LENYEWE

Kwa mipango miji, safari hiyo mara nyingi huelekea Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza mwaka 1956 kikiwa shule ndogo ya kufundisha wapima ardhi. Mwaka 1996 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Mwaka huo huo wa 2007 zilitungwa sheria mbili: moja ya mipango miji, iliyozipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kupanga miji yao, na nyingine ya kuwasajili wataalamu wa kazi hiyo.

Wapo pia waliovuka bahari. Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Dortmund, Ujerumani, kilianzisha mafunzo ya uzamili ya miaka miwili kwa maofisa mipango kutoka nchi zinazoendelea, watu waliokwisha onja kazi. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: mwaka wa kwanza mwanafunzi alisoma Ujerumani, na mwaka wa pili alisoma katika chuo shiriki, ama Ardhi, Dar es Salaam, ama Kumasi nchini Ghana, ama kwingineko. Waanzilishi walitambua kwamba mji wa Afrika hausomwi ukiwa mbali nao.

GHARAMA YA NYUMBANI

Hata hivyo, tusijidanganye. Kutoka Tandahimba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 500. Ofisa wa halmashauri anayeondoka huacha meza yake, na mara nyingi huacha mwenzi wake akibeba peke yake mzigo wa watoto na wazee. Ada hulipwa, kodi ya chumba hulipwa, nauli hulipwa. Mama wa nyumba ana haki ya kuuliza: "Baba Fulani, ukirudi na karatasi hiyo, sisi tutapata nini?" Na mwananchi naye ana haki ya kuuliza hivyo hivyo, kwa kuwa viwanja havikupimwa wakati mtaalamu hayupo.

Jibu letu ni kwamba masomo hayo yatawalipa wote wawili iwapo mwanafunzi ataubeba mji wake na kwenda nao darasani.

Maana mji wa uwanda wa Makonde si Dar es Salaam. Dar es Salaam ilichorewa mipango mikuu mwaka 1949, mwaka 1968 na mwaka 1979, na kila mara watu waliongezeka na kujenga kuliko ramani ilivyotazamia. Hilo ni funzo kubwa. Lakini Tandahimba ina mafumbo yake. Udongo wa juu ya uwanda hunywa mvua upesi, na maji ya juu ya ardhi ni adimu; tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa mitambo kutoka bondeni. Nyumba zikitawanyika ovyo, kila bomba huwa refu zaidi, na ndoo ya maji huwa ghali zaidi.

Kisha iko mikorosho. Mkorosho mmoja huishi miongo mingi, na matunda yake ndiyo karo ya shule na bati la nyumba. Mtaalamu akipitisha barabara katika ramani kwa rula, huenda amekata karo ya mtoto wa mtu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Kwa hiyo mistari hiyo haina budi kuchorwa baada ya kukaa na wenye mashamba, chini ya mikorosho hiyo hiyo.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Wilaya ya Tandahimba ilizaliwa mwaka 1995 ilipotengwa na Newala, na sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu 227,514. Jirani zake Newala, Masasi na Nanyamba wamekwisha kuwa na halmashauri za miji. Njia inayotengwa leo katika shamba hugharimu fidia ya miti michache. Ikingojwa hadi nyumba zijae, itagharimu fidia ya nyumba, na machozi juu yake.

Basi tunatoa rai tatu. Mwajiri anayempa mfanyakazi ruhusa ya masomo amtake aandike tasnifu yake juu ya mji anaoutumikia, na nakala ibaki katika ofisi ya halmashauri, si katika maktaba ya chuo tu. Mwanafunzi ajifunze kuieleza ramani kwa Kiswahili chepesi, ili mkulima aweze kuipinga au kuikubali. Na mume na mke wapange hesabu za miaka hiyo kabla barua ya chuo haijajibiwa, wala si baada yake.

Mtaalamu wa namna hiyo atakaporudi, huenda mshahara wake ukaongezeka, huenda usiongezeke haraka. Lakini mkulima atakayejenga msimu ujao ataweza kuonyeshwa mapema mahali njia itakapopita.