Mahojiano ya chuo cha uuguzi: tafuta karatasi kwanza, nguo baadaye

Kila mwaka, matokeo ya KCSE yakishatangazwa, ofisi za wadi huanza kupokea swali moja kutoka kwa wazazi ambao watoto wao wameitwa kwa mahojiano katika chuo cha uuguzi: mtoto avae nini? Wengine wanapouliza huwa wameshaanza kukopa pesa za suti. Jibu fupi ni kwamba suti haihitajiki. Lakini kuna swali jingine linalopaswa kuulizwa kabla ya hilo, nalo ni hili: karatasi zake ziko wapi? Kijana anayefika na shati lililofifia na stakabadhi kamili atahojiwa. Anayefika na suti mpya huku cheti chake kimefungiwa shuleni kwa sababu ya karo anaweza kurudishwa nyumbani kabla hajaulizwa neno.

Si kila anayetaka kusomea uuguzi huitwa kwa mahojiano. Wanaotaka kujiunga na KMTC hutuma maombi kupitia KUCCPS, na wanapangiwa nafasi kwa alama zao bila kukaa mbele ya jopo. Mahojiano ni ya vyuo vinavyopokea maombi moja kwa moja, hasa shule za uuguzi zilizo chini ya hospitali za misheni. Nyingi kati ya hizo hutoa mtihani mfupi wa kuandika, kisha mahojiano ya ana kwa ana, mara nyingi siku hiyo hiyo. Kila chuo kina masharti yake, na barua ya mwaliko ndiyo yenye kauli ya mwisho. Isome mara mbili, kisha mpe mtu mwingine aisome pia. Haya tunayoyaeleza hapa ni yale ambayo barua huyataja kwa mstari mmoja tu, au haiyataji kabisa.

Kabla hujalipa hata nauli, hakikisha alama zako zinatosha. Kwa diploma ya uuguzi, Baraza la Wauguzi la Kenya linataka wastani wa C katika KCSE, pamoja na C katika Biolojia na C katika Kiingereza au Kiswahili. Kuna pia masharti kuhusu masomo ya Kemia, Fizikia na Hisabati, ambayo chuo kitakueleza. Ukiwa chini ya kiwango hicho, hakuna vazi wala ufasaha utakaokuvusha, na mtu anayekuahidi kwamba ataongea na watu wa chuo anakudanganya.

Karatasi

Stakabadhi zinazoombwa karibu kila mahali ni cheti cha KCSE au karatasi ya matokeo kwa waliomaliza karibuni, cheti cha kumaliza shule ya upili, kitambulisho cha kitaifa au cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti, barua ya mwaliko, na risiti ya ada ya maombi. Vyuo vingine huomba pia cheti cha KCPE. Beba stakabadhi halisi na nakala zake. Ile halisi huonyeshwa na kurudishwa. Nakala ndiyo inayobaki kwenye faili. Kama barua inasema nakala zithibitishwe, mpelekee wakili aliye kamishna wa viapo, akiwa na ile halisi mbele yake, azitie sahihi na muhuri. Usingoje kuifanya kazi hiyo asubuhi ya mahojiano katika mji usioujua.

Tatizo tunalolisikia zaidi ni la vyeti vinavyozuiliwa na shule kwa sababu ya deni la karo. Wengi huchukulia kwamba shule ina haki hiyo. Haina. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) ya mwaka 2012 kinasema cheti hakitazuiliwa na mtu wala taasisi yoyote. Deni halifutiki kwa sababu hiyo, na shule inaweza kulidai kwa njia nyingine, lakini cheti ni cha mtahiniwa. Nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na mzazi au mlezi, zungumzeni kwa heshima, na muwe tayari kukubaliana jinsi deni litakavyolipwa. Ikishindikana, andika barua na uipeleke kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Huyo ni afisa wa serikali ya kitaifa, si wa kaunti, na ndiye mwenye mamlaka juu ya jambo hili. Anza mapema. Siku tatu kabla ya mahojiano hazitoshi.

La pili ni majina. Kitambulisho kina jina la babu, cheti cha KCSE hakina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa kwa herufi moja tofauti, au majina yamepangwa kinyume. Nyumbani kila mtu anajua ni mtu yule yule, lakini anayekagua karatasi mezani hakujui, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba alama zile ni zako. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo, ambamo unaapa mbele ya kamishna wa viapo au hakimu kwamba majina yote mawili ni yako. Hati hiyo huandikwa na kutiwa muhuri kwa muda mfupi. Kama kosa limo kwenye cheti chenyewe cha mtihani, marekebisho ni ya KNEC, na hayo yatachukua muda. Kwa siku ya mahojiano, nenda na kiapo na ushahidi kwamba umeshaomba marekebisho.

Aliyepoteza cheti aripoti kwanza kituo cha polisi apewe abstrakti, kisha atume maombi kupitia mtandao wa KNEC. Ambaye bado hajapata kitambulisho abebe karatasi ya kusubiri pamoja na cheti halisi cha kuzaliwa, na apige simu chuoni mapema kuuliza kama zitakubaliwa.

Ombi dogo: msizitie vyeti plastiki ya kubanwa kwa moto. Tunajua nia ni kuvikinga na maji na panya. Lakini alama za usalama zilizo kwenye karatasi huwa ngumu kukaguliwa chini ya plastiki hiyo, na kuiondoa bila kukiharibu cheti ni shida. Bahasha ngumu ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika inatosha.

Nguo

Jopo la mahojiano ya uuguzi huwa na wauguzi na walimu wa wauguzi. Wanapokutazama hawapimi bei ya nguo. Wanajaribu kukuona wodini, ukiwa umesimama kando ya kitanda cha mgonjwa saa kumi alfajiri. Ukilielewa hilo, karibu kila swali kuhusu mavazi linajijibu.

Kucha, kwa mfano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu usafi wa mikono, uliotolewa mwaka 2009, unawataka wanaohudumia wagonjwa wasivae kucha za bandia, na kucha zao wenyewe wazikate fupi, ncha isizidi nusu sentimita. Sababu ni kwamba vijidudu hujificha chini ya kucha ndefu hata baada ya kunawa. Binti anayeingia kwenye chumba cha mahojiano na kucha za rangi zilizobandikwa Jumamosi ameshajibu swali ambalo hakuulizwa. Ziondoe, na hii haina gharama. Pete na bangili pia ziache nyumbani, isipokuwa pete ya ndoa. Nywele ziwe safi na zimefungwa zisiangukie uso. Misuko ya kawaida haina tatizo. Vijana wa kiume wanyoe au wapunguze ndevu vizuri.

Kuhusu nguo zenyewe, shati au blauzi yenye mikono, suruali ya kitambaa au sketi inayopita magoti ukiwa umeketi, na viatu vya kufunika vidole, visivyo na kisigino kirefu. Jaribu kuketi na kuinama na nguo hizo ukiwa bado nyumbani. Sketi inayoonekana ndefu ukiwa umesimama inaweza kukusumbua dakika ishirini nzima kwenye kiti. Dada anayevaa hijabu avae hijabu yake. Katiba, katika kifungu cha 32, inalinda uhuru wa dini na wa kuudhihirisha, na hatakiwi kuomba radhi kwa hilo. Ya rangi moja, iliyobanwa vizuri isilegee, inafaa.

Je, sare ya shule ya zamani? Swali hili huulizwa kwa aibu, na halistahili aibu. Shati jeupe la shule na suruali ya kijivu ni nguo nadhifu kabisa. Fumua nembo, toa tai, fua, piga pasi. Yanayokosekana yatapatikana kwenye mitumba, na mitumba mizuri iliyopunguzwa na fundi hukaa vizuri mwilini kuliko suti ya kuazima inayoning'inia mabegani. Viatu vinaweza kuazimwa, lakini vivae nusu siku kwanza. Kuna wanaoingia kwenye mahojiano wakichechemea.

Manukato yaache. Chumba ni kidogo, na mgonjwa wa pumu hawezi kuvumilia harufu kali. Hao wanaokuhoji wanalijua hilo vizuri.

Siku yenyewe

Ikiwa chuo kiko mbali, fika jana yake na ulale kwa ndugu au mahali salama. Aliyesafiri usiku kucha huonekana na huandika mtihani kama aliyesafiri usiku kucha. Wanaopanda bodaboda wabebe viatu vya mahojiano kwenye mfuko, pamoja na kitambaa cha kupangusia vumbi au matope. Mashati meupe na barabara za vumbi haviivani, kwa hiyo vaa sweta au koti juu, ulivue langoni. Hospitali kadhaa za misheni ziko maeneo ya juu yenye baridi, na mtu wa kutoka nyanda za joto anaweza kutetemeka hadi jopo lidhani ni woga.

Kwenye mfuko weka kalamu mbili, penseli na rula kwa ajili ya mtihani. Kikokotoo na simu hutegemea sheria za chuo. Simu ikiruhusiwa, izime kabisa kabla ya kuingia. Weka maji na chakula kikavu, kwa sababu foleni huwa ndefu na anayeitwa wa mwisho anaweza kuingia alasiri. Nauli ya kurudi iwe kando, isiguswe. Barua ikimtaka mzazi au mlezi, naye aje na kitambulisho chake, maana anaweza kuulizwa karo italipwa vipi. Mkubaliane jibu kabla ya kuondoka nyumbani.

Pesa usizopaswa kubeba

Msimu huu ndio matapeli hufanya kazi. Hupiga simu wakijiita maafisa wa chuo au wa kaunti, wanataja jina la mwombaji kwa usahihi, wanaomba kiasi fulani kitumwe kwenye namba ya mtu binafsi ili nafasi ihifadhiwe. Ada halali imeandikwa kwenye tangazo au barua ya chuo, hulipwa kwenye akaunti au paybill ya chuo, na hutolewa risiti. Malipo mengine yoyote, hata yawe madogo, kataa. Kisha ripoti polisi ukiwa na namba iliyokupigia.

Tueleweke pia kwa upande wetu. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti shule za chekechea na vyuo vya kiufundi vya vijijini. Vyuo vya uuguzi havimo. Hakuna mwakilishi wadi, waziri wa kaunti au mfanyakazi wa ofisi hii mwenye nafasi ya kugawa, na barua ya kupendekezwa kutoka kwa mwanasiasa haimsaidii mwombaji mbele ya jopo. Basari ni jambo tofauti. Fomu zake huombwa baada ya kupata barua ya kujiunga na chuo, kwa hiyo barua ikifika, toa nakala siku hiyo hiyo na uulize ofisi ya wadi yako tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu.

Ukitoka kwenye mahojiano, usibadilishe laini ya simu. Namba uliyoiandika kwenye fomu ndiyo chuo kitakayoipigia.