Kubadili Balbu Nyumbani: Nafuu ya LUKU na Usalama wa Mtoto

Nyumba nyingi za Buguruni, kuanzia Malapa hadi Kwa Mnyamani, ni za vyumba vya kupanga. Wapangaji wanne, watano au zaidi huchangia LUKU moja, na mchango wa umeme ni miongoni mwa mambo yanayoleta maneno uani. Uniti zikiisha kabla ya mwisho wa mwezi na fedha haijapatikana, kibatari hurudi mezani. Hapo balbu inakuwa suala la afya: moshi unaingia kifuani mwa mtoto, moto uko karibu na chandarua, na chupa ya mafuta ya taa iko chini ambapo mtoto anaifikia.

Balbu inayotumia umeme kidogo haimalizi shida zote hizo, lakini inazipunguza. Makala hii inakueleza ubadilishe ipi kwanza, utaokoa kiasi gani, na mambo ya kuzingatia ukiwa na mtoto mdogo.

Aina tatu za balbu

Balbu ya waya. Hii ndiyo globu ya zamani. Ndani yake kuna waya mwembamba ambao umeme huupasha moto mpaka ung'ae. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake hupotea kama joto, ndiyo maana ukiigusa inakuunguza. Hudumu takriban saa 1,000.

Enaji seva ya mrija. Ni ile yenye mrija mweupe wa kioo uliojikunja au wenye umbo la vidole. Hutumia karibu robo ya umeme wa balbu ya waya. Ndani ya mrija kuna zebaki kidogo, ambayo ni sumu, kwa hiyo ikivunjika inahitaji uangalifu.

Balbu ya LED. Haina waya wa kuchoma wala zebaki. LED ya wati 9 hutoa mwanga karibu sawa na balbu ya waya ya wati 60. Ikiwa ni nzuri, hudumu saa 15,000 au zaidi.

Hesabu ya LUKU

Uniti moja ni umeme wa wati 1,000 kwa saa moja. Balbu ya waya ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku, kwa siku 30 inakula uniti 9. LED ya wati 9 kwa saa hizo hizo inakula uniti 1.35 tu. Ukibadilisha balbu tatu za namna hiyo, unaokoa karibu uniti 23 kwa mwezi.

Sasa angalia taa ya korido au ya njia ya chooni inayowaka usiku kucha, saa 12. Ikiwa ni ya waya ya wati 60, inakula uniti 21.6 kwa mwezi. LED ya wati 9 inakula uniti 3.24. Taa moja tu inaokoa uniti 18. Kwa hiyo usianze na taa ya chumbani unayoiwasha dakika chache. Anza na taa inayowaka muda mrefu kuliko zote.

Kuna jambo jingine ambalo kina mama wengi hawaambiwi. Wateja wa majumbani walio kwenye daraja la matumizi madogo, D1, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350 kila moja. Nyumba inayotumia uniti 90 ikibadili balbu tatu tu inaweza kurudi chini ya 75. Angalia risiti yako ya LUKU uone unatozwa kiasi gani kwa uniti, kwa sababu mita ya pamoja yenye wapangaji wengi mara nyingi huwa katika bei ya juu.

Kama mita ni ya pamoja, zungumza na wenzako na mama mwenye nyumba. Taa ya korido haina mwenyewe, na ndiyo maana hakuna anayeibadilisha. Mkichanga wote balbu moja ya LED, kila chumba kinapata nafuu. Msiizime kwa ajili ya kubana matumizi: mama anayempeleka mtoto chooni saa nane usiku, au mjamzito anayeamka mara tatu, anahitaji kuona anapokanyaga na nani yuko uani.

Afya inaingiaje hapa?

Hewa ya chumbani. Kibatari na koroboi hutoa masizi madogo sana yanayoingia ndani ya mapafu. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kaya zisitumie mafuta ya taa, kwa sababu ya moshi wake na ajali zake. Mtoto mchanga na mtoto mwenye kifua huathirika zaidi katika chumba kimoja ambacho madirisha hufungwa usiku. Uniti zikidumu mpaka mwisho wa mwezi, kibatari hakina kazi.

Sumu. Mafuta ya taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda au ya maji, mtoto huyanywa akidhani ni kinywaji. Ikitokea, usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu na kumletea nimonia mbaya. Mvue nguo zilizolowa, mfute ngozi, kisha mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama anaonekana mzima.

Moto na joto. Balbu ya waya iliyofunikwa na kitambaa, gazeti au chandarua inaweza kuwasha moto. Pia katika miezi ya joto, kuanzia Desemba hadi Machi, inaongeza joto kwenye chumba cha bati ambacho tayari hakilaliki, na mtoto hutokwa na vipele vya joto. LED hupata joto kidogo, lakini nayo usiifunike.

Kama unafuga vifaranga na unatumia balbu ya waya kuwapa joto, LED haitafaa kazi hiyo. Banda hilo liweke nje ya chumba mnacholala, na balbu ifungwe imara, mbali na maranda na maboksi.

Mtoto mchanga na rangi ya mwanga

LED huuzwa zenye mwanga mweupe na zenye mwanga wa njano. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga, tofauti hiyo ni muhimu.

Mwanga wa njano huficha manjano ya mtoto. Chini ya taa hiyo kila ngozi huonekana ya njano, na mama anaweza kukaa siku mbili bila kugundua. Mpeleke mtoto mlangoni au dirishani mchana, mtazame weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Bonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, achia, kisha tazama rangi inayobaki. Fanya hivyo kila siku katika wiki ya kwanza.

Mpeleke kituo cha afya bila kusubiri kesho kama:
- manjano yameonekana ndani ya saa 24 tangu azaliwe;
- viganja au nyayo zimekuwa za njano;
- hanyonyi vizuri, analegea au ni mgumu kuamka;
- ana homa, au mwili wake ni wa baridi.

Balbu ya nyumbani haitibu manjano, iwe nyeupe au ya bluu. Mwanga unaotumika hospitali ni wa taa maalumu, na mtoto hupimwa akiwa chini yake. Kumwota jua asubuhi nako kusikucheleweshe kumpeleka.

Kwa kusoma, kushona, kumkagua mtoto na kupima dawa ya maji, mwanga mweupe unafaa. Mstari wa mililita kwenye bomba la dawa hauonekani vizuri kwenye mwanga hafifu, na hapo mtoto huzidishiwa au kupunguziwa dozi. Kwa kunyonyesha usiku, tumia taa ndogo ya njano, au mwanga wa mbali, ili wewe na mtoto mrudi kulala haraka. Mwanga mkali mweupe huchelewesha usingizi.

Enaji seva ikivunjika

Zebaki iliyomo ni miligramu chache. Usiogope, lakini fuata hatua hizi:

1. Watoe watoto na wajawazito chumbani. Zima feni.
2. Fungua mlango na madirisha, acha hewa ipite kwa dakika 10 hadi 15.
3. Usifagie. Ufagio husambaza vumbi lenye zebaki.
4. Vaa glovu au mfuko wa nailoni mkononi. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, kisha chukua vidogo kwa selotepu.
5. Futa sakafu kwa kitambaa chenye unyevu.
6. Weka vyote, pamoja na kitambaa, kwenye chupa yenye kifuniko au mfuko uliofungwa vizuri. Weka nje, mbali na watoto.
7. Nawa mikono kwa sabuni.

Usichome moto takataka zenye enaji seva, maana zebaki hugeuka mvuke. Zikiungua na kuzima, zifunge kwenye boksi lake na umwambie mzoa taka kuna nini ndani. Balbu hizi zinaondolewa duniani kwa sababu hiyo: mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kusitisha utengenezaji na uuzaji wa nje wa enaji seva za kawaida za nyumbani ifikapo 2025. Kwa hiyo ukinunua leo, nunua LED. Zile ulizonazo zinazowaka vizuri tumia mpaka ziishe.

Ukienda kununua

Maduka ya vifaa vya umeme yapo Buguruni, na ukishuka na Barabara ya Uhuru hadi Kariakoo unapata ya kuchagua. Kabla ya kulipa:

- Jua kichwa cha balbu yako, ni cha pini au cha kuzungusha. Njoo na ile ya zamani kama huna uhakika.
- Soma lumeni, siyo wati peke yake. Lumeni 800 zinatosha chumba cha kawaida. 400 zinatosha korido au choo.
- Tafuta alama ya ubora ya TBS.
- Omba iwashwe dukani. Ikicheza au kulia, iache. Mwanga unaocheza huumiza kichwa na kuchosha macho.
- Omba risiti na uulize dhamana.

Balbu ya LED ya kuchaji, inayoendelea kuwaka umeme ukikatika, inafaa sana nyumba yenye kichanga. Ina betri ndani, kwa hiyo usiiache juani, na ukiona imevimba au inapata moto sana, acha kuitumia.

Kubadilisha bila ajali

Zima kwenye swichi kuu, siyo ya ukutani tu, kwani mafundi wengine hukosea kuunganisha nyaya. Subiri balbu ya waya ipoe. Kausha mikono, vaa viatu, simama kwenye stuli imara na si ndoo iliyogeuzwa. Ukiwa mjamzito, mwombe mtu mwingine apande. Kama holda imeungua, imelegea au inatoa cheche, usiweke balbu mpya. Ita fundi umeme. Moto ukitokea, toa watoto kwanza, kisha piga 114 kwa Zimamoto.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

"LED zinaharibu macho ya mtoto?" Balbu ya kawaida ya nyumbani ikitumika ipasavyo haimdhuru. Usiiweke mahali ambapo mtoto aliyelala chali anaitazama moja kwa moja.

"Mbona nimebadili na LUKU bado inaisha haraka?" Taa ni sehemu tu ya matumizi. Pasi, hita ya maji, jiko la umeme na friji ya zamani hula zaidi. Zima vyote, tazama kama mita bado inahesabu. Ikihesabu, kuna kifaa kimesahaulika, au nyaya zina tatizo na zinahitaji fundi.

"Sina fedha ya kubadili zote." Usibadili zote. Leo usiku tembea nyumba nzima, hesabu taa zinazowaka na saa zinazokaa. Ile inayowaka muda mrefu zaidi iwe ya kwanza. Uniti utakazookoa mwezi huu zichangie balbu ya mwezi ujao, na mafuta ya taa yakibaki ndani, yahamishe leo hii kwenye chombo chenye kifuniko kigumu, juu, mahali mtoto hafiki.